Maswali mnayoniuliza sana: watoto wasio na nyumba, shule za Marekani, hela zao na wanaowawinda

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, natafsiri mashuleni na maofisini huku Marekani, na kila ukifika mwezi wa nane shule zikikaribia kufunguliwa simu yangu haipumziki. Mama kahama, baba kafukuzwa apatimenti, mtoto karudishwa ofisini kwa sababu hana karatasi ya anwani. Maswali ni yale yale nikaona bora niyaandike mara moja, mtu akiniuliza namtumia. Nimeongeza na yale ambayo watu hawaniulizi mbele za watu, wananiuliza tukishafika parking.

Sisi tunakaa kwa shemeji, tuna paa juu. Homelesi si wale wa kwenye mahema? Inatuhusu nini?

Inawahusu sana, na hapa ndo watu wetu wengi wanapopotezea haki. Kwenye sheria ya shule, mtoto asiye na makazi ni yule asiye na sehemu ya kulala ambayo ni ya kudumu, ya uhakika na inayofaa binadamu. Shelta imo, moteli imo, gari imo, stendi ya basi imo. Na kukaa kwa watu kwa sababu mmepoteza nyumba au hela ya kodi haitoshi, nayo imo kabisa. Tena ndo kundi kubwa kuliko yote, karibu robo tatu ya watoto wote wanaohesabiwa na shule wanaishi hivyo, wamebanana kwa ndugu au marafiki.

Sasa sisi kwetu kukaa kwa ndugu si aibu, ni kawaida, mtu anaweza kukaa kwa kaka yake miaka mitatu na hakuna anayemwita hana kwao. Kwa hiyo ukiuliza "je, wewe ni homelesi?" Mswahili atakwambia hapana bwana, Mungu apishe mbali. Mimi siku hizi ninapotafsiri siulizi hivyo, nauliza "mnalala wapi, na mkiambiwa kesho mtoke mtaenda wapi?" Hapo ukweli unatoka wenyewe.

Angalizo: kama mmeamua tu kuishi pamoja na bibi kwa sababu mnapenda na nyumba inatosha, hiyo haihesabiki. Ni pale mlipokosa pengine.

Hiyo sheria inaitwaje?

McKinney-Vento. Ukifika ofisini hata ukitamka "Makini Vento" watakuelewa, na jina lenyewe linakufaa, kaa makini. Ilisainiwa 1987 na Rais Reagan, imepewa majina ya wabunge wawili, Stewart McKinney wa Connecticut aliyekuwa Republican na Bruce Vento wa Minnesota aliyekuwa Democrat. Imerekebishwa mara kadhaa, marekebisho makubwa ya karibuni ni ya 2015. Kila wilaya ya shule nchi nzima, hata ile ya kijijini yenye shule mbili, lazima iwe na mtu mmoja aliyeteuliwa kwa ajili ya hawa watoto. Mtafute huyo kwa cheo chake, sema "McKinney-Vento", usihangaike na yule wa mapokezi maana mara nyingi hata yeye hajui.

Shule wamenirudisha. Sina lizi, sina bili ya umeme, kadi ya chanjo ilibaki kambini Nyarugusu, Tanzania. Nifanyeje?

Hawaruhusiwi kukurudisha. Mtoto anaingia darasani kwanza, karatasi zinafuata, na kuzitafuta ni kazi ya shule ikusaidie. Hiyo ni chanjo, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa anwani, ripoti za shule ya zamani, hata karatasi ya ulezi kama mtoto umekuja naye na si wa kumzaa. Wakikubishia, omba jibu kwa maandishi na useme unakata rufaa. Wakati mnabishana mtoto anaendelea kusoma, sheria imesema hivyo.

Haki nyingine mbili za kushika kichwani. Ya kwanza, mkihama mtoto anaweza kubaki shule yake ile ile ya mwanzo na wilaya itafute usafiri, hata kama mmevuka mpaka mkaingia wilaya nyingine, na wilaya hizo mbili zisipoelewana zinagawana gharama nusu kwa nusu. Ya pili, chakula cha shule ni bure moja kwa moja bila ile fomu ndefu ya mapato.

Haya, lakini biashara ya binadamu inaingiaje hapa? Si wale wanaoteka watoto na gari jeupe?

Hilo gari jeupe ni la kwenye sinema. Linatokea, ila mara chache mno ukilinganisha na njia ya kawaida, na njia ya kawaida ni mtu kumwambia mtoto "njoo ulale kwangu". Basi. Anayeanza na kitanda, chakula, chaji ya simu, halafu baada ya wiki mbili anamkumbusha kwamba hakuna cha bure.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola cha New Orleans walitoa matokeo ya mahojiano na vijana 641 wasio na makazi kwenye miji 10 ya Marekani na Canada. Karibu mmoja kati ya watano, asilimia 19, alikuwa ameshafanyiwa usafirishaji haramu wa namna fulani, yaani hiyo biashara ya binadamu (Wakenya mnasema ulanguzi). Wengi ni wa ngono, lakini wapo wa kazi, na hao wa kazi wengi wao walilazimishwa kuuza madawa. Kwa hiyo yule kijana unayemwona kona anauza vitu, unayemwita mhuni, wakati mwingine ana mtu nyuma yake anayemshikia deni.

Kisheria, tangu 2000, mtoto chini ya miaka 18 akitumiwa kwa ngono ya malipo ni mhanga, iwe alilazimishwa au "alikubali", na malipo si lazima yawe hela, hata mahali pa kulala panahesabika kuwa malipo. Soma tena hapo. Binti wa miaka 16 analala kwa jamaa wa miaka 27 kwa sababu nyumbani hakuna nafasi, na sharti la kulala pale ni lile tunalolijua, huyo si malaya na wala si "mchumba wake". Kwenye vikao vyetu vya ukoo watu wanakaa wanajadili mahari. Samahani nikisema kwa ukali, nimetafsiri vikao viwili vya namna hiyo na sitasahau.

Kwetu Waafrika hayo yanatokea kweli?

Yanatokea, ila yanavaa sura ya undugu. Kesi moja inayojulikana ni ya New Jersey, Newark na East Orange. Wasichana wasiopungua 20 kutoka Togo na Ghana, wengine walikuja na miaka 10 tu, waliletwa kwa ahadi ya maisha mazuri, wakawa wanasuka nywele saluni kutwa nzima, hela yote inachukuliwa. Mwanamke aliyewaleta alihukumiwa miaka 27 jela mwaka 2010. Fikiria sasa, wateja walikuwa wanaingia, wanakaa masaa matano kichwa kikisukwa na mtoto wa darasa la sita siku ya shule, na hakuna anayeuliza.

Na hapo ndo umuhimu wa shule unapoonekana, maana shule ndo sehemu pekee ambapo mtu mzima asiye ndugu anamwona mtoto kila siku. Kule Grand Island, Nebraska, ni watu wa shule walioona mtoto ana majeraha ya kemikali mikononi, kumbe usiku anasafisha machinjio. Februari 2023 Idara ya Kazi ilitangaza kampuni ya usafi iliyomwajiri imelipa faini ya dola milioni 1.5, kwa kuajiri watoto 102 kwenye majimbo 8. Hiyo ilikuwa kesi ya ajira ya watoto, haikuitwa usafirishaji, lakini jicho linaloona ni lile lile.

Nitajuaje mtoto wangu au wa jirani kaingia mikononi mwao?

Hakuna dalili moja ya uhakika. Angalia vitu vikija pamoja: simu mpya ambayo hujui imetoka wapi, kucha na nywele za gharama wakati nyumbani hamna hela, "boyfriendi" mkubwa ambaye hataki kuonekana, kulala darasani, kutoroka vipindi, kuongea kana kwamba ana deni la mtu, mtu mwingine kushika vitambulisho vyake. Na jambo dogo ambalo nimeliona mimi, mtoto anaacha kukuomba hela. Wazazi wengi wanashukuru kwamba amekua. Ukiona hivyo usianze na mkanda. Ukimpiga anaenda kule kule anakopokelewa.

Sasa tuje kwenye hela. Serikali inatoa kiasi gani?

Kidogo sana, na naomba mnivumilie hapa maana nitaandika marefu.

Bajeti ya serikali kuu kwa elimu ya watoto wasio na makazi, kwa mwaka wa fedha 2024, ilikuwa dola milioni 129. Ukisikia milioni unaona nyingi. Shule zilihesabu watoto kama milioni 1.37 wasio na makazi mwaka wa shule 2022-23. Chukua kalkuleta, gawanya. Inakuja dola 94 hivi kwa mtoto kwa mwaka mzima. Viatu vya mpira wa kikapu vinaimaliza hiyo na soksi hujanunua.

Na hiyo dola 94 haimfuati mtoto. Inaenda kwanza jimboni, na jimbo linagawiwa kwa kufuata fomula ya Title I (hela za serikali kuu za kusaidia shule zenye watoto wengi maskini), ambayo inaangalia umaskini kwa ujumla, haiangalii una watoto wangapi wanaolala moteli. Jimbo linabakiza sehemu yake, halafu zilizobaki wilaya zinagombania kwa kuandika maombi. Wilaya nyingi haziambulii kitu kwenye mfuko huo. Lakini wajibu wa sheria uko pale pale, lazima zisajili, zisafirishe, zitafute watoto, hela iwepo isiwepo. Kwa hiyo unakuta yule mtu wa McKinney-Vento ana vyeo vingine vitatu, ni mshauri, ni msimamizi wa mahudhurio, ni yeye anashughulikia mabasi. Hana muda wa kukaa na binti mmoja saa nzima mpaka aseme analala wapi kweli, na ile saa nzima ndo inayookoa mtu.

Kuna mfuko mwingine watu hawaujui. Wilaya yoyote inayopokea Title I lazima itenge sehemu kwa ajili ya watoto wasio na makazi, na kiasi wanaamua wenyewe kutokana na mahitaji. Wenyewe! Wasipohesabu watoto, mahitaji yanaonekana madogo, na mgao unakuwa mdogo. Na asiyelipwa kuhesabu hahesabu. Mnaona duara hilo?

Mbona kipindi cha korona shule zilikuwa zinagawa mpaka kadi za hela?

Kweli kabisa. Machi 2021 Bunge lilipitisha ule mpango mkubwa wa kuinua uchumi, ndani yake dola milioni 800 zilikuwa za hawa watoto peke yao. Ilikuwa mara ya kwanza hela kama hiyo kuonekana. Shule ziliajiri watu wa kuzitembelea familia, zikalipia siku chache za moteli ya dharura, simu, kadi za mafuta ya gari, hela ya kufulia nguo. Mimi mwenyewe nilitafsiri wakati mama anapewa usiku nne za moteli na wanae watatu, Ijumaa jioni, na kama si hivyo alikuwa anakubali kwenda kwa mwanaume aliyekutana naye kazini wiki hiyo hiyo. Sijui yule mwanaume alikuwa na nia gani, labda nzuri. Ila mama hakulazimika kubahatisha.

Hela ile ilitakiwa iwe imepangiwa matumizi mpaka 30 Septemba 2024. Ilipoisha, wafanyakazi wengi walioajiriwa nayo nao waliisha. Halafu 2025 serikali ya Trump ikapendekeza mfuko wa McKinney-Vento uchanganywe na mifuko mingine kwenye kapu moja, kila jimbo liamue lenyewe. Wanaotetea wanasema inapunguza urasimu. Mimi naona kapu la wote ni la mwenye mikono mirefu, na mtoto anayelala sebuleni kwa watu mikono yake ni mifupi.

Kuna sehemu wanafanya vizuri?

Zipo. Jimbo la Washington tangu 2016 lina mfuko wake unaounganisha shule na mashirika ya nyumba, ili familia ipate makazi wakati mtoto anaendelea shule ile ile. Jiji la New York, ambalo 2023-24 lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 146,000 waliopitia hali hii, mwaka huo lilianza kuweka uzito wa ziada kwa mtoto asiye na makazi kwenye fomula ya kugawa hela za shule, yaani hela sasa inamfuata mtoto walau kidogo. Na kuanzia 2020 Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya serikali kuu imetoa ruzuku kwa wilaya chache kufundisha walimu na wanafunzi kutambua usafirishaji haramu. California nayo inadai somo hilo lifundishwe.

Mafunzo ni mazuri, sipingi. Lakini kumfundisha mtoto dalili za mwindaji halafu jioni hana pa kulala, ni kumpa mwavuli wa kuchora.

Naweza kupewa hizo hela mkononi nilipe kodi?

Hapana. Za kawaida za McKinney-Vento hazilipi kodi ya nyumba. Zinaenda kwenye usafiri, vifaa, masomo ya ziada, nguo za shule, vipimo vya macho na mengine ya kumwezesha kusoma. Ya nyumba ulizia shirika lililokupokea au ofisi ya nyumba ya mji, ila jua kwamba wale wa nyumba wana maana yao nyingine ya homelesi, iliyo finyu, na aliyejibanza kwa shemeji mara nyingi kwao hahesabiki. Ndo maana shule zinahesabu zaidi ya milioni moja watoto peke yao, wakati sensa yao wale wa nyumba, ya usiku mmoja wa Januari 2024, ilipata watu 771,480 wa rika zote. Serikali moja, vitabu viwili.

Nikisema tunalala saba chumba kimoja si wataniitia wale wa kuchukua watoto? Au wamwambie landilodi?

Hili ndo la parking. Taarifa za mahali mtoto anapolala kisheria ni siri kama alama zake za mtihani, shule haitakiwi kumpa landilodi wala kuzitangaza. Na kukosa nyumba peke yake si kosa la malezi. Ila sitakudanganya, walimu wana wajibu wa kuripoti wakiona mtoto anapigwa, ananyanyaswa au anatumiwa kingono, na tangu sheria ya 2015 usafirishaji wa mtoto kwa ngono unahesabiwa kama unyanyasaji wa mtoto. Kwa hiyo hali ya nyumba ielezee wazi, usitunge hadithi, uwongo ndo unaoamsha maswali.

Hatuna makaratasi ya uhamiaji. Bado inatuhusu?

Ndiyo. Mahakama Kuu ya Marekani 1982, kesi ya Plyler, iliamua shule za umma haziwezi kumkatalia mtoto kwa sababu ya uhamiaji. McKinney-Vento nayo haibagui. Januari 2025 serikali ilifuta ule mwongozo uliokuwa unawazuia maafisa wa uhamiaji kufanya kazi zao ovyo mashuleni na makanisani, naelewa hofu, lakini haki ya mtoto kusoma haijafutwa. Na mtoto aliyesafirishwa kiharamu anaweza kuomba viza ya T, ile ya wahanga wa usafirishaji haramu, akiwa chini ya miaka 18 halazimishwi kushirikiana na polisi ili aipate. Tafuta mwanasheria wa kweli wa uhamiaji, sio yule jamaa wa duka la kutuma hela.

Binti yangu ana 17, kagombana na baba yake, analala kwa rafiki. Amesema haendi shule tena.

Huyo shule inamwita kijana asiye na mlezi, na ana haki zote nilizotaja bila saini yako wala ya baba yake. Sijasema hivyo kukuudhi, mama. Ni kwamba shule ikijua, kuna mtu mzima mmoja atakayemuuliza jana alikula nini. Mpigie yule wa McKinney-Vento leo, sio baada ya baba kutulia. Akiendelea mpaka chuo, barua ya mtu huyo huyo inamsaidia kwenye FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa hela za chuo, asiulizwe mapato ya wazazi.

Sisi wa kawaida tufanye nini hela iongezeke?

Nendeni kwenye vikao vya bodi ya shule, vipo wazi na huwa kuna dakika chache za wananchi kuongea, na ukihitaji mkalimani waambie mapema. Ulizeni swali moja tu: mmetenga shilingi ngapi, yaani dola ngapi, za Title I kwa watoto wasio na makazi mwaka huu, na mmefikiaje hiyo namba? Nilimwona baba mmoja Mkongo akiuliza hivyo, chumba kizima kikageuka kumtafuta mhasibu. Na hesabikeni. Familia kumi zilizosema ukweli kwenye ile fomu ya makazi mwanzo wa mwaka zinamfaa mwandishi wa maombi ya ruzuku kuliko hotuba yangu yote hii.

Saa nane usiku, mtoto kanitumia meseji anataka kutolewa alipo. Nampigia nani?

Kama kuna hatari ya sasa hivi, 911. Kama mnataka mtu wa kuongea naye kuhusu usafirishaji haramu, namba ya kitaifa ni 1-888-373-7888, masaa 24, au meseji kwenda 233733. Kwa mtoto aliyetoroka nyumbani kuna 1-800-786-2929. Akipokea Mzungu usikate, sema "Swahili" halafu nyamaza usubiri, kutakuwa kimya dakika moja mbili hivi wanamtafuta mkalimani. Watu wengi wanakata hapo wakidhani laini imekufa.